Jinsi ninavyoipata sura ya mtu kwenye karatasi

Kinachomfanya mtu afanane na nafsi yake kwenye karatasi si macho. Karibu kila anayeanza kuchora hukimbilia huko, na hata anayekuja nyuma yako kuchungulia huuliza macho kwanza. Lakini mtu unayemfahamu vizuri unamtambua akiwa mbali, macho yake hujayaona: unamjua kwa umbo la kichwa, kwa jinsi shingo ilivyokaa mabegani, kwa urefu wa paji la uso, na kwa vivuli viwili vitatu vilivyotulia mahali pake. Mshabaha hukaa kwanza kwenye nafasi zilizo kati ya viungo, ndipo huingia ndani ya viungo vyenyewe. Nilipolikubali hilo, mpangilio wa kazi yangu uligeuka juu chini. Nusu saa ya kwanza sigusi jicho wala mdomo, na tangu hapo michoro yangu hutambulika bila jina kuandikwa chini yake.

Nitakayoeleza ni ya kumchora mtu aliyekaa mbele yako, kwa penseli au mkaa. Picha za kamera nitazigusa baadaye, maana zina mitego yake.

Vifaa si vingi. Natumia penseli nne: HB ya kupimia, kisha 2B, 4B na 6B; kadiri namba ya B inavyopanda, penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi. Namba hizo zina maana kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipewa hataza ya kuchanganya unga wa grafiti, yale madini meusi ya penseli, na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu. Grafiti ikizidi, penseli inakuwa laini na nyeusi. Ukishalijua hilo huwezi tena kuikandamiza HB ukitafuta weusi wa 6B. Utapata mfereji kwenye karatasi, na mfereji haufutiki.

Grafiti ina tatizo jingine: hung'aa. Ukiipanga tabaka juu ya tabaka ili upate nywele nyeusi au ngozi nyeusi, mahali palipotakiwa kuwa na giza kuliko pote panarudisha mwanga kama kioo, na mtu akiitazama picha kwa upande anaona kijivu. Ndiyo maana sehemu za giza kabisa nazifanya kwa penseli ya mkaa. Lakini mkaa haushiki juu ya grafiti, unateleza. Kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema: pale patakapokuwa peusi sana paachwe bila grafiti nzito, mkaa uje ukutane na karatasi yenyewe.

Karatasi iwe ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, yenye ukwaru kidogo. Karatasi ya kawaida ya kunakilia, ya gramu 80, ni laini mno; tabaka mbili tu na vinyweleo vyake vimeshajaa, ya tatu haiingii. Raba mbili zinatosha: moja ngumu, unayoikata kwa wembe upate ncha kali, na moja laini ya kufinyanga, ambayo huisugui bali unaibandika na kuibandua ili inyanyue weusi kidogo kidogo. Penseli nazichonga kwa wembe, nikiacha sehemu nyeusi itokeze sentimita moja na nusu, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na ubavu wa penseli. Ncha ina zamu yake mwishoni. Weka pia karatasi safi chini ya kiganja. Mafuta ya mkono huacha doa usiloliona mpaka penseli ipite juu yake, na hapo limeshakuwa sehemu ya shavu la mtu.

Ubao usimame wima, au ukaribie wima. Hili hupuuzwa sana na ndilo chanzo cha vichwa virefu kama papai. Karatasi ikilala mezani, sehemu ya juu iko mbali na jicho kuliko ya chini, kwa hiyo inaonekana imefupika; mkono unafidia kwa kurefusha bila wewe kujua. Ukija kuiinua picha, paji la uso limeota.

Kichwa nakichora kwa urefu wa sentimita 18 hivi kwenye karatasi ya A3. Kichwa cha mtu mzima kina takriban sentimita 22 au 23 kutoka utosini hadi kidevuni, kwa hiyo hiyo ni kama asilimia 80 ya ukubwa wake. Jicho ambalo kwa mtu lina upana wa milimita 30 hivi, kwenye karatasi linakuwa na 24. Ukikosea milimita 2 umekosea kwa asilimia 8, na hapo tayari ni jicho la binamu yake. Sasa chora kichwa cha sentimita 8: jicho lina milimita 10 na kitu, na kosa lilelile la milimita 2 linakaribia asilimia 20. Wanaoanza hupenda kichwa kidogo wakiona ni chepesi, kumbe wamejichagulia kigumu. Kuzidisha ukubwa halisi nako sikupendi, sura inakuwa ya jitu na kila kasoro inapiga kelele.

Kuhusu mwanga, taa moja au dirisha moja, basi. Utoke juu na ubavu mmoja, kama nyuzi 45 kwenda juu na nyuzi 45 kwenda pembeni, ili pua iangushe kivuli kifupi kuelekea pembe ya mdomo na upande mmoja wa uso uingie gizani. Taa mbili zinazokabiliana hufuta umbo. Mwanga wa mbele moja kwa moja hubandika uso kama sahani. Ukimkalisha mtu chini ya taa ya dari iliyo juu ya utosi wake, macho yanazama mashimoni na unamwongezea miaka 15.

Nakaa umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, macho yangu yakiwa sawa na yake. Miguu ya kiti chake naizungushia alama sakafuni kwa utepe, nami miguu yangu vilevile. Namchagulia kitu cha kutazama ukutani. Tunakwenda vipindi vya dakika 20 na mapumziko ya dakika 5, na vipindi vitatu au vinne vinatosha kwa picha iliyokamilika. Anayekwambia mtu anaweza kukaa saa nzima bila kusogea hajawahi kukaa yeye. Baada ya dakika 12 hivi kidevu huanza kushuka, mabega yanaporomoka, pembe za mdomo zinalegea. Kwa sababu hiyo mwinamo wa kichwa naukamata dakika ya kwanza na siubadilishi hata yeye akibadilika, na mdomo nauchora mwanzoni mwa kipindi akiwa bado mbichi. Mdomo uliochorwa mwishoni mwa kipindi huwa wa mtu aliyefiwa.

Mstari wa kwanza ni wa mwinamo: kutoka katikati ya paji la uso, kupita kati ya macho, hadi katikati ya kidevu. Karibu hakuna kichwa kinachosimama wima kabisa; hata nyuzi 3 za mwinamo zina tabia ndani yake. Kisha naweka alama ya juu na ya chini na kuapa kutozihamisha. Halafu nazunguka umbo lote kwa mistari mifupi iliyonyooka, mitano hadi minane, kama mtu anayechonga gogo kwa shoka kabla ya kutwaa tezo. Mistari ya mviringo naiepuka hapa. Mviringo unadanganya, unapenda kujaza. Mstari ulionyooka una mwanzo, mwisho na pembe, na pembe inaweza kupimwa.

Kupima ni hivi: nyoosha mkono mpaka kiwiko kifungike, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na utosi na ukucha wa gumba na mstari wa macho. Shusha kipimo hicho uone kama kinatosha kutoka machoni hadi kidevuni. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, kipimo kimeharibika. Pembe nazipima kama mishale ya saa: mstari kutoka pembe ya nje ya jicho hadi pembe ya mdomo uko saa sita kasoro ngapi? Swali la namna hiyo lina jibu. "Je, anafanana?" halina jibu bado.

Vipimo vinavyofundishwa kila mahali ni vya kweli kwa wastani. Macho yako katikati ya kichwa. Upana wa kichwa ni kama macho matano, na kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja. Kutoka mstari wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevuni: sehemu tatu zinazokaribiana. Mstari unaotenganisha midomo uko theluthi ya njia kutoka puani kwenda kidevuni. Sikio linakaa kati ya nyusi na chini ya pua. Kwa nusu ile ya macho pima fuvu, si nywele. Mwenye nywele nyingi atakupotosha usipopapasa kwa macho mahali fuvu linapoishia.

Shida ni kwamba wengi huchora vipimo hivyo badala ya mtu. Wakimaliza wana uso mzuri usio wa yeyote. Mimi navitumia kama mlinzi anavyotumia orodha ya majina mlangoni: nataka kujua nani hayumo. Theluthi yake ya chini ni fupi? Kati ya macho kuna jicho moja na robo? Sikio moja limepanda? Hapo ndipo alipo. Naandika pembeni mwa karatasi mambo matatu tu yanayomtofautisha na wastani, na yakipotea katikati ya kazi nayarudia. Mchoraji wa katuni huyachukua hayohayo matatu akayavuta. Mimi nayaacha katika kiasi chake, lakini lazima niyajue kwa majina.

Mtoto hafuati orodha hiyo. Kwa mtoto mchanga fuvu ni kubwa na uso mdogo, macho yako chini ya nusu ya kichwa, na duara la rangi ndani ya jicho limeshakaribia ukubwa wa mtu mzima, ndiyo maana macho yake yanaonekana makubwa. Ukimchora kwa vipimo vya wakubwa unapata mzee mfupi.

Kichwa kikigeuka robo tatu, makosa yanaongezeka. Jicho la mbali ni jembamba kuliko la karibu, na mara nyingi kingo za shavu au daraja la pua hulimega. Mkono hukataa, maana akili inajua kwamba macho mawili yanalingana. Kosa jingine ni kukata kisogo. Ukitazama kichwa kwa ubavu, kina chake kinakaribia urefu wake, na sikio liko nyuma ya katikati. Kwa kuwa nyuma ya sikio hakuna cha kupendeza, watu huacha sentimita mbili hivihivi na kichwa kinakuwa kama kinyago cha kuvaa usoni. Tena angalia masikio: mtu akiinamisha kichwa, masikio yanapanda juu ya mstari wa macho; akitazama juu, yanashuka. Ukiyaona hayo huhitaji somo refu la upeo wa macho.

Umbo likikaa, nafinya macho, yaani nayafumba nusu mpaka vitu vidogo vipotee, na natafuta kivuli kama kipande kimoja cha nchi kwenye ramani. Tundu la jicho, ubavu wa pua, chini ya mdomo wa chini, chini ya kidevu: vingi vya hivi vimeungana. Nachora mpaka wa nchi hiyo, naujaza wote kwa toni moja, yaani kiwango kimoja cha weusi, ya 2B, ubavu wa penseli, bila kubonyeza. Sasa kuna mambo mawili tu, nuru na kivuli. Narudi nyuma hatua nne. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapotokea, bila jicho hata moja. Asipotokea siendelei. Hakuna kope nzuri itakayomwokoa mtu ambaye kivuli chake kimekosewa, na hili nalisema kwa sababu ndipo saa nyingi za wachoraji hupotelea: wanapamba nyumba iliyopinda.

Baada ya hapo viungo. Sitavipa nafasi sawa.

Jicho ni mpira uliofunikwa, na kope za juu zina unene unaoangusha kivuli juu ya weupe wa jicho. Weupe huo si mweupe. Ukiuacha mtupu kama karatasi, mtu anaonekana ameona jini. Upe kijivu, hasa kwenye pembe na chini ya kope ya juu, na uache kimeta kidogo cha nuru mahali pamoja, upande taa ilipo, kwa macho yote mawili. Chora macho mawili kwa pamoja, sehemu hii hapa na ileile kule. Ukilimaliza moja ndipo uanze jingine, yatatazama pande mbili.

Pua haina mistari ubavuni. Ina ubavu wenye toni, tako lenye kivuli, na matundu ambayo hayawi meusi tii. Wanaochora pua kwa mistari miwili kutoka kwenye nyusi wanachora barabara.

Mdomo unaanzia katikati, kwa ule mstari wa midomo inapokutana. Huo ndio mweusi kuliko yote pale, na hauko sawa kote: unakolea kwenye pembe, unafifia katikati ya mdomo wa chini unapojaa. Mdomo wa juu kwa kawaida uko kivulini kwa sababu unatazama chini; wa chini unapokea nuru, na kivuli chake kiko chini yake, juu ya kidevu. Ukiuzungushia wote mstari, umepaka rangi ya mdomo hata kwa babu. Meno usiyahesabu. Akicheka, chora umbo la meno yote kama utepe mmoja, toa dalili ya utengano karibu na ufizi tu. Mstari kamili kati ya jino na jino humgeuza mtu kuwa mahindi ya kuchoma. Mimi, kusema kweli, humwomba mtu asicheke. Kicheko cha dakika 20 hakipo, kilichopo ni uso ulioganda.

Ngozi nyeusi inataka akili yake. Kosa la kwanza ni kuchukua uso wa mtu mweupe na kuupaka kijivu juu yake chote. Kwenye ngozi nyeusi tofauti kati ya nuru ya kawaida na kivuli ni ndogo, lakini vimeta ni vikali na vina kingo: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Vimeta hivyo ndivyo vinavyoeleza umbo. Navibakisha tangu mwanzo kwa kutopitisha penseli hapo, na kuvikuza kwa raba ya kufinyanga. Njia iliyo bora zaidi ni karatasi ya rangi ya kahawia au kijivu cha wastani: karatasi yenyewe inakuwa ngozi ya kati, mkaa unashuka chini, chaki nyeupe inapanda juu. Chaki iwe kidogo. Mkaa na chaki visikutane, kwani vikichanganyika vinatoa kijivu cha majivu, na uso unaonekana haujapakwa mafuta.

Nywele ni umbo kwanza, nyuzi baadaye. Nywele fupi zenye kipilipili nazifanya kwa kuzungusha ncha butu ya mkaa katika viduara vidogo visivyo na mpango, na ukingo wake ulainike unapokutana na paji la uso. Ukingo mkali hapo ni kofia. Kwa misuko, fuata njia za ngozi zilizo kati ya mistari, ndizo zinazozunguka fuvu na kueleza uviringo wake.

Neno moja kuhusu kingo, maana hapa picha hupumua au hukaba. Zisiwe sawa. Ukingo wa kivuli kilichoangushwa na pua ni mkali. Ukingo wa kivuli kinachozunguka shavu ni laini. Upande wa shingo ulio gizani unaweza kupotea kabisa ndani ya mandhari ya nyuma. Anayezungushia kila kitu mstari mmoja wa unene mmoja hata akipata vipimo vyote atakuwa na kivuli cha mtu kilichokatwa kwa mkasi.

Kila nusu saa nakagua. Kioo kidogo nyuma ya bega, nikiitazama picha na mtu wote wawili ndani yake, kinafichua mwinamo ulioongezeka. Kuipindua picha kichwa chini miguu juu nako kunasaidia, lakini kuna mpaka. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Peter Thompson wa Uingereza alionyesha picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, iliyopinduliwa ambayo macho na mdomo vilikuwa vimegeuzwa peke yake. Ikiwa juu chini inaonekana karibu ya kawaida, ukiisimamisha inatisha. Akili yetu husoma uso wima kwa ujumla wake, ukiupindua uwezo huo hudhoofika. Kwa hiyo kupindua ni kwa ajili ya kukagua maumbo na nafasi kwa utulivu, bila jina la "pua" au "jicho" kukuingilia. Ukitaka kujua kama anafanana, isimamishe.

Sasa picha za kamera. Simu ikishikwa sentimita 40 kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, kwa sababu pua iko karibu na lenzi kwa sehemu kubwa ya umbali huo. Picha ipigwe kutoka mita mbili au zaidi, kisha ikuzwe. Taa ya kamera (flashi) izimwe. Kuchora kwa miraba, yaani kuigawa picha na karatasi kwa miraba na kunakili mmoja mmoja, kunatoa nakala sahihi, sikatai, lakini kunanakili pia makosa ya lenzi kwa uaminifu uleule. Na kivuli kwenye picha huwa cheusi kuliko macho yanavyokiona. Humo ndani jicho lingeona shavu, kamera imeona shimo.

Kazi inayonipa uzito kuliko zote ni ya kumchora marehemu kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho. Naomba picha tatu au nne za umri tofauti, hata mbovu. Moja nafanya msingi wa mwanga na mkao, nyingine zinanieleza umbo. Sichanganyi mwanga wa picha mbili katika uso mmoja. Nisichokiona sikibuni kwa undani. Nakiacha kwenye kivuli laini. Naionyesha familia ikiwa bado ni vipande vya nuru na kivuli, kwa sababu watakachosema ni kuhusu mdomo, na ni rahisi kuurekebisha hapo kuliko baada ya kazi ya muda wa saa sita. Wakisema "alikuwa hivi" huku wakifanya ishara kwa uso wao wenyewe, tazama hiyo ishara. Ndiyo kipimo bora utakachopewa.

Watu huuliza faida yake ni nini, kamera ikiwa mfukoni mwa kila mmoja. Uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre wa kupiga picha ulitangazwa mwaka 1839 na wengi walidhani kazi hii imekwisha. Tofauti naiona katika muda. Kamera inaweza kuchukua sehemu ya 125 ya sekunde moja, uso ukiwa katikati ya jambo fulani. Mchoro wa saa moja na nusu unakusanya mamia ya nyakati: alivyokaa rasmi, alivyochoka, alivyokumbuka kitu. Huwezi kuchora hata mojawapo peke yake kwa kuwa zinapita, kwa hiyo unachora kile kinachobaki zinapopita. Na kwa upande wa pili, anayechorwa anakaa akitazamwa na mtu ambaye hamwulizi kitu wala hamhukumu. Wengi huanza wakijitetea: nina makovu, pua yangu kubwa, ningechana nywele. Kufikia kipindi cha tatu hayo yamekwisha, na uso unaokuja ni mwingine. Picha ikichorwa upya kuanzia hapo mara nyingi huwa bora kuliko ya kwanza.

Haja hii ni ya zamani. Huko Misri ya wakati wa Warumi, kuanzia karne ya 1 hadi ya 3, watu walichorwa kwenye mbao nyembamba, nyingi kwa nta yenye rangi, na mbao hizo zikafungwa kwenye uso wa maiti zao. Zile zilizopatikana Fayum bado zinakutazama, na ukiziangalia kama fundi unaona kile kile: taa moja, upande mmoja wa pua kivulini, kimeta ndani ya jicho. Hans Holbein Mdogo, mchoraji Mjerumani wa karne ya 16, aliacha michoro kama 80, mingi ya watu wa kasri la mfalme wa Uingereza, iliyopo sasa kwenye ngome ya kifalme ya Windsor; kwenye baadhi aliandika pembeni rangi na aina ya vitambaa ili asimchoshe mtu kwa kumkalisha tena. Naye mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, Machi 1514, alimchora mama yake kwa mkaa, mifupa ikijitokeza, ngozi ya paji imejikunja, jicho moja halilingani na lingine. Hakuna alichokilainisha. Mama huyo alifariki Mei mwaka huohuo.

Suala la kulainisha hunijia kila mara, hasa kwa wazee. Kanuni yangu ni kwamba mkunjo unaoeleza mfupa au tabia unabaki, mkunjo ulioletwa na usingizi mbaya wa jana unaondoka. Na mikunjo ichorwe kama mabonde yenye ukingo mmoja mkali na mwingine laini. Ikichorwa kama mistari inamzeesha mtu kuliko alivyo. Kovu namwuliza mwenyewe. Vilevile simchori mtu aliyelala au asiyejua bila kumwomba, na mtoto namwombea ruhusa kwa mzazi.

Akiiona picha na kusema "huyu si mimi" huku wenzake wakisema ni yeye, usiikimbilie raba. Yeye anajijua kutoka kwenye kioo, kilichogeuza kushoto na kulia. Picha yako inaonyesha upande ambao wengine wanauona. Mwonyeshe picha hiyohiyo kwenye kioo. Kama hata wenzake wanasita, basi kosa ni lako, na kwa kawaida liko kati ya pua na mdomo.

Mkaa unahitaji dawa ya kupuliza ya kuugandisha. Puliza nje au penye hewa, kutoka sentimita 30, tabaka mbili au tatu nyepesi, ukisubiri kila moja ikauke. Nzito moja huacha matone. Dawa hiyo hufifisha chaki, kwa hiyo vimeta vya mwisho naviweka baada yake. Marashi ya kupulizia nywele si mbadala, yanaigeuza karatasi kuwa njano baada ya muda. Kioo cha fremu kisiguse mchoro. Weka ukingo wa kadibodi kati yake, na usiitundike jua linapopiga. Nyuma ya karatasi, kwa penseli na wala si kalamu ya wino, naandika jina la aliyechorwa, umri wake siku hiyo na tarehe, kisha namwomba asome kama nimeandika sawasawa.